Maneno ya Bei ya Juu

Mira alinipigia simu asubuhi nikiwa dukani kwangu, Mtaa wa Sikukuu, nimesimama mbele ya mashine ya fotokopi natoa nakala za cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule vya mteja. Aliongea kile Kiingereza chake cha Uingereza, cha mbio, na nyuma yake nikasikia vikombe vinagongana na sauti za wanawake wengi, nikajua hapo kuna jambo. Akasema Ba amefariki. Amelala usiku, asubuhi hakuamka. Nikamwambia pole sana Mira, nikarudia tena pole sana. Kijana mwenye vyeti akaniambia, “Mama, nilisema mbili mbili,” nami nikamtolea mbili mbili, nikazipanga, nikazibana pini. Wanaonijua husema mimi nina moyo mgumu. Si kweli. Mimi habari mbaya hainipigi siku ile ile, mwili unaendelea na kazi zake kana kwamba haujaambiwa kitu. Kabla hajakata simu Mira akaniuliza, “Auntie Somoe, unayakumbuka yale maneno?” Nikamwambia nayakumbuka. Akacheka kidogo huku analia, akakata.

Ba halikuwa jina lake. Ndivyo Wagujarati wanavyomwita mama, na bibi pia, na pale kwenye ghorofa la Kisutu alikoishi kila mtu alimwita hivyo, mpaka mlinzi wa chini. Nilikwenda kufanya kazi kwake nikiwa na miaka kumi na tisa, Fomu Foo nimemaliza na cheti changu kiko chini ya godoro. Ukoo wetu na namna tulivyofika mjini kutoka Lindi nitayaacha, yana wenyewe wa kuyasimulia vizuri kuliko mimi. Inatosha kusema niliishi Kariakoo, chumba kimoja na dada yangu Hamisa, na dada alikaanga samaki. Alfajiri alikuwa soko la Feri ananunua, saa nne yuko barazani na karai lake. Chumba kilinuka samaki, mito ilinuka samaki, nami nilinuka samaki ninapovuka Mnazi Mmoja kwenda kwa watu ambao hawali hata yai. Siku ya kwanza Ba alifungua mlango, akavuta pumzi, akaufunga tena. Kisha akaufungua nusu, akanipa gauni lake la zamani, akanionyesha bafu. “Oga, vaa hili, ndiyo uje jikoni. Kila siku.” Nikasema, “Shikamoo, Ba.” Akasema, “Marahaba. Kwanza oga.”

Mwaka ule nilikuwa nimefiwa na mtoto. Nasema hivi kwa sababu sijui namna nyingine ya kusema. Alikuwa hajaota jino. Homa siku mbili, ya tatu wanaume walimbeba kutoka uani wakaenda kuzika, wanawake tukabaki kwenye mkeka. Habari za baba yake si za kuandika hapa. Mwanamke akizaa, kwetu, jina lake linakaa pembeni, mtaa mzima unamwita kwa jina la mwanawe, na mimi kwa miezi ile michache niliitwa hivyo, na nilikuwa nimeanza kulizoea. Walipotoka makaburini, kesho yake tu, wakaanza tena: Somoe, niazime ndoo. Somoe, dada yako yuko? Hakuna aliyekaa akaamua, lilitokea tu. Bibi mmoja mpangaji akanishika mkono akaniambia, “Usimtajetaje, mwanangu. Mwache alale.” Nikaitikia. Sikumtaja. Dada Hamisa alikuwa analia kwenye karai mpaka wateja wanampa pole, mimi naosha vyombo. Nilikuwa nimekufa ganzi, mwili mzima, na kwa kweli niliona afadhali.

Kazi yangu kwa Ba ilikuwa kumenya, kuosha, kupanga chapati zao nyembamba alizozisukuma mwenyewe kwa sababu hakuna binadamu aliyejua kuzisukuma isipokuwa yeye. Mumewe alishafariki, duka la vitambaa liliendeshwa na msaidizi, na mwanawe Kishor alikuwa Uingereza na mke na binti mmoja, Mira, wa miaka kumi. Kila Jumapili mchana simu ya mezani ililia. Kishor aliongea na mama yake Kigujarati, kisha anasema, haya, sasa Mira. Nami nikiwa jikoni nilimsikia Ba anapaza sauti, “Mira! Mira beta!” yaani mwanangu, na kule kitoto kinasema hai Ba, bai Ba, basi, simu imerudi kwa baba. Mtoto alijua Kiingereza peke yake. Ba alijua Kigujarati, Kiswahili cha Kariakoo cha kupigia watu kelele, na Kiingereza cha kuuzia kitambaa. Jumapili moja aliweka simu, akaja jikoni, akakaa kwenye kigoda changu mimi nikiwa nimesimama. Akasema Kishor ameamua. Mwisho wa mwaka duka linauzwa, nyumba inarudishwa kwa mwenyewe, yeye anahamia kule. “Kishor kutwa kazini. Mke wake kutwa kazini. Nyumbani nitabaki na Mira, na Mira hanijui. Nitakaa pale kama kabati, Somoe. Watakuwa wananifuta vumbi.” Sijawahi kusikia mtu akisema hofu yake waziwazi namna ile, na ningekuwa mzima ningemwonea huruma. Nilisema, “Jifunze basi Kiingereza.” Nilisema tu ili apishe kigoda.

Kumbe alishawaza. Akaingia chumbani, akarudi na kitabu kinene kisicho na jalada, mali ya mtoto wa ndugu yake aliyekitumia kufanyia mtihani wa kwenda chuo Amerika. Kilikuwa cha msamiati tu, yale maneno makubwa makubwa, kila neno na maana yake na mfano wake. Nikamwambia Ba, hiki si cha kuanzia, tuanze na kijiko, sufuria, njaa, usingizi, unaendeleaje. Alinitazama kama mteja anayeomba punguzo kabla hajashika kitambaa. “Hayo mtumba. Kila mtu anayo. Nikienda kwa watu na maneno ya mtumba wataniweka uani. Mimi miaka arobaini nauza vitambaa, Somoe, najua mtu anavyotazamwa. Nataka jora la kwanza. Nataka ya bei ya juu.” Nikasema haya. Nilikuwa na kamusi yangu ndogo ya shule, na nilikuwa sina jambo lolote jingine kichwani, kwa hiyo kazi ile ilinifaa. Mtu akiwa hahisi kitu, neno kama “magnanimous” anaweza kulitafuta kutwa nzima na lisimchoshe.

Ba alikuwa na namna yake ya kushika vitu kichwani. Jikoni kulikuwa na kopo la viungo, lile la duara la chuma ambalo ndani yake mna vibakuli saba, na kila nyumba ya Kihindi wanalo. Akasema kila kibakuli kitabeba neno kwa wiki nzima. Akichota manjano lazima aseme neno la manjano, akichota haradali aseme la haradali, mpaka Jumapili, kisha tunaweka mapya. Na kila neno lazima limpate mtu tunayemjua, kwa sababu, alisema, neno bila mtu ni kama bei bila bidhaa. Basi mlinzi wa chini, Mzee Chande, aliyekuwa haachi kuongea hata ukimpa mgongo, akawa “garrulous”, akakaa kwenye pilipili ya unga. Dada Hamisa, aliyepaa samaki mpaka usione gamba hata moja, akawa “meticulous”, ingawa Ba alikunja pua kuweka mtu wa samaki kwenye bizari yake. Mwenye nyumba, mbishi yule, akawa “obstinate”. Kishor, baada ya kufikiri sana, akawa “reluctant”, mtu anayefanya lakini moyo hautaki, na Ba akamweka kwenye uwatu kwa sababu ni mchungu. Nikipika naye pale jikoni nilisikia, “Gerulasi kidogo, reluktanti robo kijiko, sasa mafuta.” Ungepita nje ungedhani tunaroga.

Kuna siku akaniuliza, “Na wewe? Wewe ni neno gani?” Nilikuwa nachambua dengu. Nikakaa na kitabu, nikapekua, nikapata “impassive”, mtu asiyeonyesha hisia, na chini yake maana imeelezwa kwa neno jingine, fupi, “numb”. Nikamwambia ni hili la chini, maana yake ganzi. Akaliangalia, akahesabu herufi kwa kidole. “Kafupi hako. Chukua la juu.” Nikamwambia la juu si lenyewe. Akasema, “La juu ndilo la bei,” akanifungulia kibakuli cha hiliki. Hakuniuliza ganzi ya nini. Alishaambiwa na Mzee Chande, kama mtaa mzima ulivyoambiwa na Mzee Chande, na mara nyingine mtoto wa ghorofa ya juu akilia na mikono yangu ikisimama juu ya sinia, nilimwona Ba ananitazama. Kisha anageuza uso, anadai chumvi. Nilimshukuru kwa hilo. Wote wengine walikuwa wananipa pole mpaka nakimbia njia zao.

Jumapili ya kwanza alisimama kwenye simu, kopo la viungo wazi mezani, kidole kwenye uwatu. Nilikuwa mlangoni. “Mira! Your father is reluctant!” Kule kicheko kikapasuka, cha mtoto, kirefu, na sauti inaita mama njoo, mama njoo. Ba akanigeukia macho yanang'aa. “Umesikia? Ameelewa!” Wiki iliyofuata Mira hakusema bai. Alisubiri. Ba akampa mlinzi, akampa mwenye nyumba, akampa mvua ya Jumatano ambayo tuliona ni “ephemeral”, ya kupita tu, na kila neno lilipotua kule walicheka na kuomba jingine. Ikawa desturi. Ba akawa anaoga mapema Jumapili na kuvaa sari nzuri kwa ajili ya simu. Mimi nilikisikia kile kicheko na nilijua ni cha aina gani, nimesoma na watoto wenye midomo, lakini sikusema. Sikuona sababu ya kusema. Yeye alikuwa na furaha, na ndani ya ile jikoni furaha ilitosha mtu mmoja.

Mwisho wa mwaka Kishor akaja kufunga mambo, akamleta Mira. Mtoto mrefu, mwembamba, vidude vya muziki masikioni, alikaa kwenye kochi mbele ya feni na kulalamikia joto. Chakula cha kwanza cha mchana nilipakua mimi. Kishor alizaliwa Kisutu hapo hapo, Kiswahili chake kilikuwa kimeota kutu lakini kipo. Akanitazama akacheka. “Ndiyo wewe profesa? Wee binti, umetuua mbavu! Mira anawasimulia shule nzima. Walimu wanauliza, wiki hii bibi yako amesemaje? Wanamwita Bibi Kamusi.” Alisema kwa mapenzi, nadhani. Wanaume wengine wanaumiza watu hivyo hivyo kwa mapenzi. Ba alikuwa ameshika kijiko cha kuchotea samli. Akauliza kwa Kiswahili, polepole, “Walikuwa wananicheka?” Kishor akajibu, “Ah, Ba, utani tu jamani.” Ba akaweka kijiko. Akasema, “Kula, kinapoa.” Jioni ile aliosha kopo la viungo mwenyewe, akamwaga vilivyobaki, akavijaza vipya bila kuvipa neno hata kimoja. Nilitaka kusema kitu. Nilisimama pale na kitambaa cha vyombo mkononi, na ilikuwa kama kutaka kuinua mguu uliolaliwa.

Siku zilizofuata Ba hakumsemesha Mira. Alimpa chakula, alimchana nywele, kimya. Mtoto naye akazidi kuzama kwenye kochi. Alichokiogopa Ba huko mbele kilikuwa kimeshaingia sebuleni, na ndege bado haijapanda. Maboksi yalijaa koridoni. Mimi nilishaambiwa nitafute kazi nyingine, nikasema ndiyo, sikutafuta.

Kisha umeme ukakatika mchana mmoja, feni ikasimama, muziki ukaisha betri, na Mira akaja jikoni kwa kukosa pa kwenda. Akakaa juu ya gunia la mchele. Mimi nilikuwa namenya viazi, Ba ameteleka sufuria. Mtoto wa ghorofa ya juu akaanza kulia. Mikono yangu ikasimama, kama kawaida, kisu kiko nusu ya kiazi. Akanyamaza, nikaendelea. Akalia tena, nikasimama tena. Mira aliangalia hilo mara mbili, tatu. Watoto wanaona. Akamuuliza bibi yake kwa Kiingereza, kwa nini anafanya vile?

Nilimwona Ba anatafuta, macho yakaenda kwenye lile kopo, yakalipita. Halafu akaanza kusema kwa Kiingereza cha dukani, kile alichokuwa anakionea aibu mwaka mzima, kile cha kitambaa kikubwa, kitambaa kidogo, kimekwisha. “She has baby,” akasema. “Small. Girl. Very small.” Akaweka mikono yake ya manjano kuonyesha urefu, kama anavyopima khanga, na akaipunguza, akaipunguza tena. “Now finish.” Nilijisikia nataka kutoka. Nikawaza Mira atacheka, na nikawaza akicheka nitamtupia kiazi, na wazo lile lilinishangaza kwa sababu lilikuwa na moto. Mira hakucheka. Alishuka kwenye gunia, akauliza, lini? Ba akasema, “Before rain.” Akauliza, alikuwa mgonjwa? Ba akasema, “Hot. Two day.” Wakaendelea hivyo, swali dogo, jibu dogo, bibi na mjukuu wanaelewana mbele yangu juu ya jambo langu, na hakuna hata mmoja aliyegundua kwamba wanaongea.

Ndipo Mira akanigeukia mimi. Akaniuliza, “What was her name?”

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Waliokuwa uani walilijua na wakaacha kulitaja, wengine hawakulijua na hawakutaka. Na mimi nililifungia. Nilifungua mdomo bila kujua kama sauti ipo. “Rukia,” nikasema. Mira akalirudia, akalipinda kidogo, Rukiya. Ba akalirudia vizuri, maana ni Mswahili kuliko anavyojijua. Sikulia. Ningependa kuandika kwamba nililia, wasomaji wangefurahi, lakini kiazi tu kilinitoka kikaanguka ndani ya maji. Kitu kiliuma, mahali fulani kwenye mbavu, na ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba kuumwa na chochote. Ba akageuka kwenye jiko lake. “Mama Rukia,” akasema kwa Kiswahili, kwa ile sauti yake ya kugombeza, “lete hivyo viazi, mafuta yanaungua.” Nikapeleka viazi. Mira akauliza “viazi” ni nini kwa Kiingereza, Ba akamwambia “potato”, wote wawili wakatazamana, na Ba ndiye aliyeanza kucheka. Umeme uliporudi hakuna aliyekimbilia feni.

Walisafiri wiki iliyofuata. Nilibeba boksi la viungo mpaka kwenye gari, Ba akaniachia kile kitabu na gauni, akanisukuma begani badala ya kuniaga. Kule hakuwa kabati. Mira ameniambia mara nyingi, kwamba bibi yake alikuwa haachi kuongea, Kiingereza kibovu cha maneno mafupi mafupi, siku nzima, mpaka majirani Wazungu wakawa wanakuja kukaa jikoni kwake. Kwangu alipiga simu kila sikukuu, yao na yetu. Hakuanza na salamu. Alianza na jina: “Mama Rukia! Umekula?” Baadaye nilizaa wengine wawili, Mungu amewalinda, na hapa Mtaa wa Sikukuu naitwa Mama Idrisa, na nikiitwa hivyo nafurahi. Lakini yule mwingine, Mama Rukia, nilikuwa kwa mtu mmoja tu. Sikuliwaza hilo nilipokuwa nabana vyeti vya yule kijana. Nililiwaza jioni, nimeshafunga shata la duka, funguo mkononi, nikakaa kwenye ngazi ya watu katikati ya machinga wanaokunja biashara zao, nikalia sana, kwa sauti, mpaka mmoja akaniletea maji akaniuliza, “Mama Idrisa, vipi, umeibiwa?”

Nikampigia Mira. Alipokea haraka, akadhani kuna tatizo. Nikamwambia hakuna, nina ombi moja tu, kuanzia leo usiniite Auntie Somoe. Akauliza, nikuite nani? Nikamwambia. Halafu akaniita kwa jina hilo, polepole, akalipinda pale pale alipolipinda alipokuwa na miaka kumi.

Nikaitika, “Abee.”